Boga Lililovaa Gauni

Amedeus hakuvichukia viti vya plastiki bila sababu. Tangu viingie Nachingwea, harusi zote, misiba yote na mikutano yote ya mtaa ilikuwa inakalia plastiki, na seremala akabaki na vitanda, milango na majeneza. Kwa hiyo siku binti yake Marietha alipopiga simu kutoka Ruangwa kusema kwamba mumewe, Obadia, amepata kigari, na kwamba wameagiza kutoka Dar kiti cha plastiki cha kumkalishia mtoto wao Eva humo ndani, mzee aliacha randa katikati ya ubao.

"Kiti?" akauliza. "Mmeagiza kiti?"

"Cha gari, Baba. Cha mtoto. Kina mikanda yake. Redioni wanasema watu wa usalama barabarani wanaomba sheria iwabane wazazi, mtoto mdogo asipande gari bila kiti chake. Obadia akasema hatuna haja ya kungoja kubanwa."

"Kwa hiyo mjukuu wa Amedeus ananunuliwa kiti dukani."

"Baba, hiki si kama hivyo vya kwako..."

"Kiti ni kiti, mwanangu. Futeni hiyo oda. Jumamosi njooni mchukue cha kwenu."

Akakata simu. Mkewe, Mama Marietha, alikuwa kizingitini anapukuchua mbaazi. Alimtazama mumewe, akatazama rundo la mbao, akarudi kwenye mbaazi zake. Alikuwa amekaa naye vya kutosha kujua kwamba hapo hata angewaita wazee wa kanisa, kiti kingetengenezwa.

Na kweli kilitengenezwa. Amedeus alichagua mninga uliokauka vizuri, ule aliokuwa ameuficha nyuma ya nyumba akisubiri mteja wa maana. Alimpima mtoto wa jirani, akaongeza kidogo kwa kuwa Eva alikuwa anakula vizuri zaidi. Akachonga mgongo mrefu, akauchora njiwa wawili wanaotazamana, akaweka mikono iliyokunjwa mbele kama ya kiti cha chifu, akapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu. Vanishi aliyoipaka ilinuka mpaka barabarani.

Mikanda alikwenda kuiomba gereji kwa rafiki yake Mustafa, fundi magari, ambaye ua wake ulijaa mabaki ya magari ya kila aina. Mustafa aliikata kwenye lori bovu, akaja nayo mwenyewe ili akione hicho kiti. Akakizunguka. Akakiinua upande mmoja, akakirudisha chini haraka na kushika kiuno.

"Fundi," alisema, "unataka kumsafirisha mtoto au kumsimika uaskofu?"

"Wewe shika nati zako."

"Sawa. Lakini nieleze, gari likipiga breki hiki kinashikwa na nini?"

"Kinashikwa na uzito wake. Hukiinui wewe mtu mzima, breki itakiinua?"

Mustafa akaenda zake akitikisa kichwa.

Jumamosi asubuhi kigari kikaingia, cheupe, kina vumbi la Ruangwa mpaka kwenye vioo. Eva alishuka mapajani kwa mama yake akakimbilia moja kwa moja kwenye kile kiti. Alikuwa na miaka miwili na ushee, na miguu isiyojua kutembea, ila kukimbia tu. Akakwea, akakaa, akaweka mikono yake kwenye mikono ya kiti na kuwatazama watu wote kana kwamba anasubiri kesi ya kwanza iletwe.

"Umeona?" Amedeus akamwambia binti yake. "Mtoto anakijua cha kwao."

Marietha alipapasa wale njiwa. Machozi yalimlengalenga, maana kazi ilikuwa nzuri kweli, na alijua mninga ule babaye alikuwa ameutunza kwa muda gani. Akamgeukia mumewe. Obadia naye alikuwa anakitazama kiti, kisha anatazama mlango wa gari lake, kisha tena kiti. Lakini mkwe ni mkwe. Angewezaje kusimama uani kwa baba mkwe wake akasema kazi yake haifai?

"Ni kizuri sana, Baba," alisema. "Ni... kizuri. Imara."

Kuingia, kilikataa kuingia. Walikipitisha kwa miguu, kikagoma. Wakakipitisha kwa mgongo, njiwa mmoja akakwaruza rangi ya mlango, na Obadia akatoa sauti ndogo aliyoigeuza haraka kuwa kikohozi. Amedeus akaleta randa, akapunguza mikono palepale uani. Mwishoni kikaingia, wakakifunga kwa mkanda wa gari na kamba ya manila, na Mama Marietha akasema kimekaa kama ng'ombe ndani ya banda la kuku.

Hapo ndipo Marietha alipopata ujasiri. "Baba, kabla hajakaa Eva, tukijaribu kwanza? Wewe mwenyewe hujawahi kumpa mteja kitanda bila kukilalia."

Hilo lilikuwa kweli, na Amedeus hakuwa na namna ya kulikataa. "Tujaribu. Na nini?"

Mustafa alikuwa amekwisha fika. Harufu ya jambo kama hilo humvuta mtu kutoka mbali. "Na boga," alisema.

Mama Marietha alikuwa na maboga matatu makubwa aliyoyapanga ukutani kwa ajili ya kupikia wageni. Aliwatazama wanaume wale mmoja baada ya mwingine. "Maboga yangu?"

"Moja tu, Mama," alisema Obadia kwa adabu zote. "Linakaribiana uzito na Eva."

Walilichukua. Na ili mambo yawe ya kweli, Mustafa akataka lipate nguo, maana mkanda juu ya ganda tupu utateleza, na nani amewahi kusafirisha mtoto uchi? Marietha akatoa gauni jekundu la Eva kwenye mkoba. Eva alipoona boga linavalishwa gauni lake alilia kilio ambacho majirani walikisikia, akalinyooshea kidole na kusema, "Vua! Vua!" mpaka bibi yake akambeba mgongoni na kumpeleka jikoni.

Wakaenda kwenye njia ya vumbi upande wa kuelekea Marambo, mahali penye uwazi ambapo asubuhi magari ni machache. Mustafa alishika usukani, kwa kuwa Obadia alisema moyo wake hauwezi. Amedeus alikaa mbele, kafunga mkanda kwa sababu Mustafa alikataa kuwasha gari asipoufunga. Nyuma, kwenye kiti cha mninga, boga lilikaa limenyooka ndani ya gauni. Marietha na Obadia walisimama pembeni kwenye nyasi.

"Mwendo wa wastani," Amedeus akaagiza. "Usinionee."

"Nitakwenda kama bodaboda aliyepakia mama mjamzito."

Na ndivyo alivyokwenda. Haikuwa kasi ya kutisha hata kidogo. Amedeus alikuwa hata na nafasi ya kuona mtu anakuja kwa mbali na pikipiki, kavaa nguo nyeupe. Kisha Mustafa akasema, "Haya," na kukanyaga breki.

Boga halikurushwa juu kama Amedeus alivyodhani vitu hurushwa. Liliteleza. Lilipita chini ya mkanda, taratibu kama mtoto anayechomoka mezani kukwepa mboga za majani, likaruka katikati yao wawili na kupasukia kwenye dashibodi. Gauni likabaki limeganda kwenye kioo cha mbele, mikono imetawanyika. Na kabla Amedeus hajavuta pumzi, kamba ya manila ikakatika na kiti chenyewe kikaja, mninga mzima, na kumgonga mgongoni kupitia siti yake, hata akasikia meno yake yakigongana.

Nyama ya boga ikatiririka polepole kwenye kioo.

Ndipo wakasikia mtu anapiga kelele. Yule mwenye pikipiki alikuwa Afande Rahimu wa trafiki, anatoka zamu. Alichokiona yeye kilikuwa gari limefunga breki ghafla na kijigauni chekundu kikijibamiza kwenye kioo. Aliiacha pikipiki ikaanguka upande wake, kofia ikaanguka upande mwingine, akaja anakimbia mikono kichwani. "Mtoto! Jamani, mtoto! Msimguse!"

Akafungua mlango. Akatazama. Akachovya kidole kwenye dashibodi, akakinusa.

"Hili ni boga," alisema.

"Ndiyo, Afande," alisema Mustafa.

"Kwa nini boga limevaa gauni?"

Ilichukua muda kumweleza, kwa kuwa Mustafa alikuwa ameshindwa kujizuia kucheka na Amedeus alikuwa bado anajipapasa mgongo. Marietha ndiye aliyeeleza. Afande Rahimu alisikiliza, akakaa kwenye nyasi, akaomba maji.

"Sheria inasemaje, Afande?" Obadia aliuliza. "Kuhusu hivi viti?"

"Mkanda sheria inautaja. Viti vya watoto ndiyo hayo mnayoyasikia redioni, wakubwa wanayazungumza." Akanywa maji. "Mimi na sheria ni marafiki, ndugu yangu, lakini kwa hili mimi nazungumzia niliyoyaona. Sikukimbia vile kwa ajili ya sheria."

Amedeus alikuwa ameshuka. Alikuwa anakikagua kiti. Mdomo wa njiwa mmoja ulikuwa umebaki ndani ya kitambaa cha siti aliyokuwa ameikalia, kama mwiba. "Haya, kiti kimeshindwa," alisema hatimaye. "Nakubali. Basi Eva apakatwe. Wote sisi tulipakatwa. Leteni boga jingine, nitalishika mimi kwa mikono hii."

"Baba..."

"Leteni."

Obadia alikwenda kwa pikipiki ya Afande kulileta, na inasemekana Mama Marietha alilitoa huku akitaja majina ya watakatifu. Kiti kilishushwa, na safari hii Amedeus alikaa nyuma, mkanda umembana, boga la pili amelikumbatia tumboni. Mikono yake ilikuwa mikono ya mtu aliyeshika msumeno maisha yake yote. Alivifunganisha vidole, akakaza.

"Niambie ukitaka kukanyaga," alisema, "nijiandae."

"Na barabarani nani huwa anakuambia?" alijibu Mustafa, na kukanyaga.

Jambo ambalo Amedeus hakuweza kulisahau ni kwamba hakuhisi hata lilipoondoka. Alikuwa ameshika boga, kisha alikuwa ameshika hewa, na vidole vyake bado vimefungana. Boga lilikuwa limeshapasukia nyuma ya kiti cha dereva, na mbegu zilikuwa zinaningʼinia kwenye masikio ya Mustafa. Obadia na Afande walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata Marietha alicheka.

Amedeus hakucheka. Alikuwa ameliokota lile gauni jekundu kutoka sakafuni na alikuwa analisafisha, akitoa nyuzinyuzi na mbegu moja moja. Mbegu moja ilikuwa imenasa kwenye kitundu cha kifungo, na vidole vyake vinene havikuweza kuitoa.

"Leo mmekujaje?" alimuuliza binti yake. "Kutoka Ruangwa. Eva alikaa wapi?"

"Nilimpakata, Baba," alisema Marietha. Na kicheko chake kikaishia hapo.

Jioni ile, Obadia alipokuwa anaosha gari na kujiandaa kuondoka, Amedeus alitoka ndani na kusimama mbele ya mlango akiwa na Eva mkononi. "Nyinyi nendeni salama," alisema. "Huyu haondoki hapa mpaka kiti kije. Hicho cha plastiki. Natumaini hamkufuta oda."

"Hatukufuta, Baba," alisema Obadia, akiangalia ardhi.

"Mlifanya vizuri kutonisikiliza. Lakini msizoee."

Kwa hiyo Eva alibaki Nachingwea, na karakana ya Amedeus haikuwahi kupata fundi msumbufu kama yule. Alitia maranda kwenye uji. Aliificha patasi ndani ya sufuria ya bibi yake. Kiti cha mninga, baada ya kutiwa gundi, alikitawala yeye. Alilia humo, alilala humo, na alimfukuza humo kila kuku aliyethubutu. Amedeus alikuwa anaacha kazi kila basi la Dar linapokaribia na kwenda stendi, Eva shingoni, kuuliza kama kuna mzigo. Makonda wakamzoea. Wakimwona tu kwa mbali wanapunga mkono kwamba bado.

Mzigo ulipofika, aliubeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani na kuufungua katikati ya karakana. Ulikuwa mwepesi kiasi cha kumkasirisha.

"Plastiki tupu," alisema. "Na sponji."

Lakini aliwasha taa akakaa nacho. Kulikuwa na kijitabu cha picha. Alifuata picha moja baada ya nyingine, akaingiza mkanda hapa, akautoa pale. Aliona jinsi mikanda miwili inavyotoka mabegani, miwili kiunoni, na mmoja unavyopanda kati ya mapaja, yote ikikutana kwenye kifungo kimoja tumboni. Aliuvuta ule wa katikati. Akauvuta tena. Akakumbuka boga lilivyoteleza.

"Mama Marietha," aliita. "Njoo uone. Aliyebuni hiki alikuwa anajua mtoto anavyotoroka."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Ubao wake mbaya. Akili yake nzuri."

Wazazi walipokuja kumchukua mtoto, Amedeus hakukubali Eva akae kabla ya jaribio. Kilichobaki kilikuwa boga moja, na Mama Marietha alikuwa amelilaza chini ya kitanda. Alilitoa kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atalifunga na yeye mwenyewe atakaa pembeni yake. Alilifunga kama anavyomfunga mjukuu: akavuta mikanda mpaka kidole kikawa kinapita kwa shida, akalinyoosha gauni lisikunjamane, akaliuliza, "Umetulia, mama?" Afande Rahimu alikuja bila kuitwa, akasema yuko kazini. Mustafa akakanyaga breki palepale pa siku ile, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hakutaka kumpendelea yule aliyebuni plastiki.

Mama Marietha akapiga ukunga. Boga likainama mbele kidogo, kama linaitikia salamu, likarudi mahali pake.

Walilila mchana ule limepikwa kwa karanga, na Afande akaongezwa mara mbili.

Kilichobaki ilikuwa Eva mwenyewe. Boga lilikuwa na adabu. Eva hakuwa nayo. Alipowekwa kwenye kiti alijikunja kama upinde, akanyoosha miguu, akakakamaa kama ubao mkavu, na Marietha alipofanikiwa kufunga kifungo alilia mpaka sauti ikakwama. Alinyoosha mikono miwili. "Babu! Nitoe! Babu!"

Amedeus hakuwa amewahi kumnyima mtoto yule kitu chochote, si sukari, si nyundo. Alishika ukingo wa mlango.

"Tumtoe kidogo tu, Baba, mpaka tupite mjini," alisema Marietha, naye karibu analia. "Akinyamaza namrudisha."

"Usimtoe."

"Analia, Baba."

"Namsikia. Niko karibu kuliko wewe." Akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia na mavazi yake ya kazi, ndala miguuni, maranda kwenye nywele, na kuufunga mkanda wake. "Twende."

"Twende wapi?" mkewe aliuliza kutoka uani.

"Ruangwa. Nitarudi kesho na basi. Obadia, mkanda wako!"

Obadia, aliyekuwa tayari ameingiza gia, aliruka kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa, akaufunga.

Eva alilia mpaka nyumba za mwisho zikaisha. Amedeus hakumwimbia, kwa kuwa hakujua kuimba. Alimwonyesha miti. "Ule, unauona? Ule ni mlango wa mbele. Ule mwembamba ni miguu ya stuli. Ule uliopinda ni bure, hata kuni utatoa moshi." Eva akapunguza sauti ili asikie. Baadaye akaanza kuuliza mwenyewe, akinyoosha kidole dirishani: "Na ule?" Na Amedeus akawa anajibu, kitanda, kabati, mwiko wa bibi, mashamba ya mikorosho yakipita pande zote mbili, mpaka swali likakatika katikati na kichwa kidogo kikalala kwenye sponji ya pembeni.

Walipofika Ruangwa, Obadia aliegesha kivulini akashuka taratibu. Marietha alimfuata akiwa ameshika viatu mkononi. Amedeus alitafuta kifungo cha mkanda wake ubavuni, akabonyeza, hakikuachia. Akabonyeza tena. Alivuta, akazungusha, akajaribu kujichomoa chini kama boga la kwanza, tumbo likakataa.

"Baba, shuka," Marietha alinong'ona dirishani.

"Nashindwa."

"Ngoja nimwite Obadia."

"Usimwite. Atafungua milango kwa kishindo, huyu ataamka." Amedeus akaegemea nyuma, akanyoosha miguu kadiri ilivyonyooka. "Niletee maji na kitu cha kutafuna. Tutashuka akiamka."

Marietha akamletea karanga kwenye kisahani. Akamkuta amefumba macho, mkono mmoja ameuweka juu ya goti la Eva, na wote wawili wanakoroma.